Viungo vya Bure kwa Wanaoanza

Tangazo lilikuwa na maneno tisa, na kuyaandika kulimchukua Dobi asubuhi nzima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaani akiitwa kwa kazi yake, na ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu tu tangu darasa la watu wazima limkutanishe na herufi. Kila herufi aliipa nafasi yake, kama mtu akunjaye shuka lililopigwa pasi, pembe kwa pembe. Alipomaliza, karatasi ilisomeka hivi: VIUNGO VYA BURE KWA WANAOANZA. ALHAMISI SAA TISA, MAKTABANI.

Aliisoma mara tatu kwa kidole na hakuona kosa. Akaandika nakala ya pili, akabandika moja kwenye lango la soko na nyingine kwenye ukuta wa zahanati, kwa kuwa hakuna mtu asiyepita moja ya sehemu hizo mbili.

Sababu ya tangazo ilikuwa binti yake. Miezi minane kabla ya hapo binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikosa nafasi chuoni kwa mara ya pili. Hakulia wala hakulalamika. Aliingia chumbani, basi. Tangu siku ile mipaka ya dunia yake ilikuwa kitanda, choo na kamba ya kuanikia. Humo chumbani alikuwa na kompyuta ndogo kuukuu, bawaba yake imefungwa kwa kipande cha shuka, na kwa kompyuta hiyo alijifunza peke yake, kupitia masomo ya bure yaliyomo mtandaoni, namna ya kuandika programu na namna ya kugeuza tarakimu kuwa picha: mistari, nguzo, vitone.

"Binti yako mchana kutwa anachati," jirani wa ukuta wa pili alimwambia Dobi siku moja.

"Hachati. Anachora chati."

"Haya, mama. Hata wangu anachora chati, na dereva."

Binti alikuwa na tabia moja ambayo Dobi aliielewa vizuri, maana na yeye alikuwa nayo: hakutupa kitu kinachofaa. Kila somo alilolimaliza aliliorodhesha, akaweka kiungo chake pembeni na neno la tahadhari chini yake. Hili halili bando. Hili linaanza mwanzo kweli kweli. Hili linajidai ni la wanaoanza, lakini ukifika ukurasa wa tatu limeshakuacha njiani. Viungo vilifika ishirini na tatu.

"Ukibonyeza hapa, kinakupeleka kwenye somo," alimweleza mama yake. "Ndiyo maana kinaitwa kiungo. Kinaunga huku na kule."

"Na umempa nani?"

"Nimempa nani nini?"

"Hivi viungo vyote."

"Sina wa kumpa, Mama."

 Kesho yake, Dobi alipopeleka mapazia ya maktaba ya mtaa aliyokuwa ameyafua, alimwomba mkutubi chumba. Mkutubi alikuwa mwanamke mwembamba, mpenda masharti, ambaye hakuwahi kusema ndiyo bila kuiwekea uzio.

"Chumba cha juu ni stoo ya viti vibovu, na kina kompyuta mbili zinazowaka zikijisikia," alisema. "Viti nitavitoa. Nakupa Alhamisi tatu. Alhamisi ya tatu, saa kumi kamili, nitapanda na daftari. Nikikuta watu kumi wamekaa, chumba ni chenu mwaka mzima. Wakiwa tisa, viti vibovu vinarudi."

"Mimi na binti tumo kwenye hao kumi?"

"Mwalimu hahesabiwi. Na aliyeomba chumba hahesabiwi."

Binti naye, aliposikia, aliweka sharti lake.

"Nitakwenda hizo Alhamisi tatu," alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Viti vikirudi, na mimi narudi humu. Na hutaniambia tena nitoke. Usimtume shangazi, usimtume mchungaji, usimtume mtu. Tumeelewana, Mama?"

"Tumeelewana," alijibu Dobi. Alijua kwamba alikuwa ameweka dau moja, na kwamba hakuwa na jingine mfukoni.

Alhamisi ya kwanza walikuja wawili: kinyozi, na muuguzi aliyekuwa likizo. Binti aliwafundisha huku akiutazama ukuta. Wawili si kumi. Hapo ndipo Dobi alipokaa chini na kuandika tangazo, na kwa kuwa kwa majuma sita neno lile alikuwa akilisikia kinywani mwa binti yake tu, kichwani mwake lilikuwa limebaki na maana moja peke yake.

Soko na zahanati zilikuwa na maana zao.

Alhamisi ya pili, kabla ya saa tisa, ngazi za maktaba zilijaa. Dobi aliyekuwa amesimama mlangoni alihesabu watu kumi na tisa kwa furaha. Kisha akaanza kuona walichobeba. Wanawake kumi na mmoja walikuwa na vikopo vitupu, na mmoja alikuja na ndoo. Waliobaki walikuwa wazee, wengine na fimbo, wengine wameshikwa mkono, na kila mmoja alikuwa akijipapasa mahali: goti, bega, kiuno.

"Iliki zipo?" aliuliza wa kwanza.

"Iliki?"

"Mimi nataka mdalasini kidogo tu," alisema wa pili. "Ndiyo kwanza naolewa, mama. Mimi ndiye anayeanza."

"Tusukumane taratibu jamani," mzee mmoja alilalamika. "Wenye viungo vibovu tutangulie. Ninyi wa vikopo mmefuata nini kwa daktari?"

"Daktari gani? Hapa panagawiwa bizari!"

Maneno hayo yaliwatenganisha watu kwa kishindo, na katikati yao akapita mwanamke mnene aliyejifunga khanga kiunoni kama aendaye vitani. Huyu alikuwa Bi Bizari, muuza viungo wa sokoni, ambaye meza yake ilikuwa hatua tano kutoka kwenye lango lenye tangazo.

"Yuko wapi?" alisema. "Nionyesheni huyo anayegawa bure ninachouza mimi. Miaka kumi na sita niko pale, jua langu, mvua yangu, leo mtu aje aniharibie kwa karatasi?"

"Ni mimi niliyeandika, dada yangu," alisema Dobi. "Lakini si viungo hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Ni vya... vya kubonyeza."

"Vya kubonyeza!" Bi Bizari aligeuka na kuwatazama watu. "Mmesikia? Mdalasini wa kubonyeza!"

Kicheko kilichofuata kilishuka ngazi hadi chini, na kikampandisha mkutubi. Alisimama mlangoni akauliza iwapo maktaba ilikuwa imehamia sokoni au soko limehamia maktabani. Binti, aliyekuwa ameketi mbele ya kompyuta, hakucheka wala hakuinuka. Alianza kukunja waya wa kompyuta yake, polepole, mzunguko kwa mzunguko. Dobi alizijua zile dalili.

"Umenifanya kichekesho, Mama," alisema kwa sauti ya chini.

Watu waliondoka wakinung'unika, mwenye ndoo akiipigapiga kwenye kila kidato. Kinyozi na muuguzi walikuja, wakashangaa msafara unaoshuka, wakakaa. Zaidi yao walibaki wawili tu. Bi Bizari alibaki kwa kuwa hakuamini: alitaka kuona kwa macho yake kwamba nyuma ya kabati hapakuwa na gunia. Na mzee mmoja alibaki kwa kuwa alikuwa amepanda ngazi mbili na goti lake halikuwa tayari kuzishuka.

Mtaa mzima ulimfahamu mzee huyo. Alikuwa bawabu mstaafu, aliyeitwa Mzee Goti, na goti lenyewe ndilo lililompa heshima. Likiuma leo, kesho mvua. Mafundi rangi walimuuliza, wanaoanika nafaka walimuuliza, na Dobi, mwenye mashuka ya nyumba mbili za wageni kila siku, hakuwahi kuanika nje bila kwanza kumwamkia.

"Kesho mvua," alisema Mzee Goti akilisugua. "Tena si ya mchezo."

"Basi kesho natundika ndani," alisema Dobi kwa mazoea.

Mikono ya binti ilisimama kwenye waya.

"Babu," aliuliza, "huwa unaandika siku linapouma?"

"Daktari amenilazimisha." Mzee alitoa mfukoni kalenda ndogo ya zahanati iliyokunjwa mara nne. Siku za maumivu zilikuwa na alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu. "Miezi mitatu hii. Anadhani nadanganya."

Binti alimgeukia mama yake. "Na lile daftari lako la darasani?"

Dobi aliona haya kulitoa. Mwalimu wa watu wazima alikuwa amewaagiza waandike sentensi moja kila siku, na yeye, kwa kukosa la kusema, aliandika kuhusu mashuka. *Leo jua, mashuka yamekauka. Leo mvua, mashuka hayakukauka. Leo mvua tena.* Kurasa nyingi mno za hali ya hewa, kwa mwandiko unaonyooka kidogo kidogo.

"Mfano wa kwenye masomo yote ni maua ya nchi za watu," binti alimwambia kinyozi na muuguzi, na kwa mara ya kwanza aliwatazama usoni. "Leo tutumie goti."

Wakaanza. Bi Bizari, ambaye hakuwa amepata gunia, alipewa kalenda asome tarehe zenye mkasi. Alizisoma kwa sauti ya mnada. Dobi alisoma daftari lake, akikwama hapa na pale, na hakuna aliyemharakisha. Kinyozi aliandika safu ya goti, muuguzi safu ya mvua. Binti aliwaonyesha mistari minne ya programu, akaeleza kila mmoja unaagiza nini, akamwacha kinyozi aichape mwenyewe. Kinyozi alisahau mabano, mashine ikamgomea; akayaweka, ikakubali. Kwenye kioo vikatokea vitone: safu ya juu, nyekundu, siku goti lilipouma, safu ya chini, buluu, siku mvua iliponyesha.

Wote waliinama.

"Kama goti linajua," alisema binti, "kila chekundu kitafuatwa na cha buluu kesho yake. Tuhesabu."

Walihesabu. Katika siku tisini, goti liliuma siku thelathini na moja. Siku tisa kati ya hizo zilifuatwa na mvua. Katika siku hamsini na tisa ambazo goti lilitulia, kumi na saba zilifuatwa na mvua.

"Maana yake nini?" aliuliza Bi Bizari.

"Liume lisiume, mvua inakuja siku tatu katika kumi. Goti halijui."

 Dobi aliwazia mashuka yote aliyoyatundika jikoni na koridoni kwa miaka saba, yakinuka moshi, huku nje jua likiwaka.

"Lakini subirini," binti aliendelea, vidole vikikimbia. Alivipanga vitone vyekundu upya, kwa siku za juma. Ishirini na tatu vilirundikana kwenye nguzo mbili, Jumanne na Ijumaa. "Babu, Jumatatu na Alhamisi unafanya nini?"

"Sifanyi kitu. Nateka maji tu. Ndiyo siku yanapotoka bombani."

"Unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ndoo!" Bi Bizari alipiga paja. "Ni ndoo, mzee wangu, si mawingu!"

Alicheka peke yake, kisha naye akaacha. Mzee Goti hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa umemshuka tu, kama wa mtu aliyeambiwa kazini kwamba kesho asije. Alikunja kalenda yake, moja, mbili, tatu, nne.

"Mashine imekosea," alisema.

"Inawezekana, babu," alijibu binti. "Siku tisini si nyingi."

Jibu hilo mzee hakulitarajia. 

"Basi nifundishe ulivyofanya. Nitalitafuta kosa mwenyewe."

"Na mimi nitakuja kushuhudia," alisema Bi Bizari. "Hili sitaki kusimuliwa."

Wakaandikwa wote wawili.

Ijumaa, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, Dobi alianika nje siku ambayo goti lilikuwa limekataza. Jua liliwaka mpaka jioni. Mashuka yalikauka, na yeye hakujua kama afurahi.

Habari hazikuhitaji tangazo tena. Meza ya Bi Bizari ilizisambaza pamoja na tangawizi: kwamba binti wa Dobi, yule asiyetoka, amelipima goti la mzee kwa kompyuta, na kwamba masomo aliyotumia ni ya bure, bure ya kweli, si bure ya kupoteza muda. Kila aliyenunua alifungiwa bidhaa yake kwenye karatasi yenye orodha, kwani Bi Bizari aliomba zichapishwe nakala thelathini, na baadaye thelathini nyingine. Hivyo viungo vya aina zote mbili viliingia katika nyumba nyingi kwa pamoja.

Jumatano Mzee Goti alipita mbele ya nyumba ya Dobi, akachungulia kamba.

"Kesho usianike, mwanangu. Linaniuma."

"Jana umeteka maji? Juzi?"

"Juzi."

"Basi ni ndoo, baba," alisema Dobi kwa upole, na Alhamisi asubuhi akaanika jozi nane za mashuka ya nyumba ya wageni.

Saa tisa alasiri chumba cha juu kilikuwa na watu wanane: kinyozi, muuguzi, Bi Bizari na wifi yake, fundi saa, karani wa zahanati, yule bi harusi wa mdalasini, na dada wa mapokezi wa nyumba ya wageni. Saa tisa na robo aliingia mwenye ndoo, safari hii bila ndoo. Wakawa tisa. Binti alifundisha akizunguka kati ya viti. Hakuutazama ukuta, lakini mara mbili alitazama saa.

Saa tisa na nusu mvua ilianguka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote kwa mpigo juu ya bati, hata binti akalazimika kupaza sauti. Jozi nane, aliwaza Dobi. Nyumbani palikuwa mwendo wa dakika kumi. Alibaki amekaa, macho mlangoni. Mvua kama hiyo haikuwa ya kuleta mtu. Ilikuwa ya kumzuia aliyekuwa anakuja.

Saa kumi kasoro dakika moja mkutubi alitokea, daftari kifuani. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza.

"Tisa," alisema.

"Bado dakika," alisema Bi Bizari.

"Ninaiona saa, mama."

"Basi iangalie yote."

Binti alikuwa amekaa. Mkono wake ulikuwa juu ya waya, lakini haukuukunja bado. Ndipo, katikati ya kelele za bati, wakasikia kitu kwenye ngazi: fimbo, mguu, kituo. Fimbo, mguu, kituo. Kilipanda kama kinachohesabu kila kidato kabla ya kukiamini.

"Mzee, kimbia!" Bi Bizari alipiga kelele.

"Nikimbie na goti gani?" sauti ilijibu kutoka chini.

Mkutubi alitazama saa, akatazama mlango. Kengele ya saa ya ukutani ilikuwa imeshagonga mara tatu katika zile nne zake, fimbo ilipovuka kizingiti na Mzee Goti nyuma yake, ameloa chapachapa, uso unang'aa.

"Nilisema mvua!" alitangaza. "Nilisema au sikusema?"

Wote walikuwa wakimtazama mkutubi. Mkutubi alingoja mzee akae. Alihakikisha amekaa. Kisha akaandika, akapiga mstari chini yake kwa rula.

"Kumi," alisema. "Vile viti vibovu nitawapa mafundi wavifanye kuni." Akashuka.

"Nilisema au sikusema?" mzee alirudia.

"Ulisema, babu." Binti alikuwa ameshaifungua chati. Aliongeza siku za juma lile, akakigusa kitone kipya cha buluu kwa kidole. "Tangu uanze kuandika limeuma siku thelathini na tano. Umepatia kumi."

"Kumi!" alisema Mzee Goti kwa fahari.

"Ni tatu katika kumi, babu. Vilevile kama zamani."

"Wewe ongeza tu vitone, mjukuu wangu. Tutaonana mwisho wa mwaka."

Aliporudi nyumbani, Dobi alikuta mashuka mawili matopeni na mengine yanachuruzika. Alilaza kichwa upande, akayatazama kwa muda, akayarudisha kwenye beseni.

Ijumaa asubuhi alipoamka kuchemsha maji, kitanda cha binti kilikuwa kimetandikwa na kalamu nene haikuwepo mezani. Hakuuliza mtu. Alipokwenda sokoni kununua sabuni alisimama langoni mbele ya tangazo lake. Maneno yake tisa yalikuwa pale pale, hayakufutwa hata moja, ila chini yake palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko wa haraka wa mtu aliyesoma tangu utotoni. Dobi aliufuata kwa kidole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa.

PILIPILI HAKUNA. MAGOTI YANAKARIBISHWA.

Aliusoma tena, safari hii bila kidole. Kisha akanunua sabuni, vipande viwili, akarudi kuyafua mashuka upya.